Nepi Zisizoshika Doa

Ukitaka kugombana na Bi Buluu, mpelekee habari za pampasi. Mengine yote angekusamehe. Ungemcheleweshea ndoo, ungesahau jina lake la kweli kama walivyolisahau majirani wote, ungemtania kuhusu vidole vyake vilivyogeuka rangi kwa ile buluu ya kufulia aliyokuwa akiitia kwenye maji ya mwisho kwa miaka ishirini na sita. Angecheka tu. Lakini ukitaja nepi ya kutupa, basi umejitakia mwenyewe, vuta kigoda usikilize.

"Wewe mtu mzima," angesema, mikono imezama kwenye beseni, "nikuvalishe mfuko wa nailoni kutwa nzima, ukalie mkojo wako, utanishukuru? Haya, mtoto ndiye atashukuru?"

Alikuwa dobi wa nepi. Nguo nyingine hakugusa. Ukimletea shati la mumeo anakurudishia na maneno juu. Uani kwake palikuwa na kamba sita, sufuria kubwa ya kuchemshia, na ndoo za vifuniko zimepangwa ukutani, kila nyumba na ndoo yake. Nepi nazo kila moja ilishonwa uzi pembeni ili isipotee: nyekundu za mama pacha wa ghorofani, mstari mmoja kwa pacha huyu na miwili kwa yule, kijani za mhasibu, zambarau za mke wa kinyozi. Nusu ya watoto hao hakuwahi kuwaona sura, lakini nani anaharisha, nani ameanza kula, nani anaachwa na nepi moja tangu asubuhi hadi jioni, yote alikuwa nayo kichwani.

Na wateja walikuwa na sababu zao. Mhasibu mwanawe alitoka vipele mapajani mpaka akawa hawezi kulazwa chali. Mama pacha alichoshwa na mbwa waliokuwa wakizivuta pampasi kutoka jalalani na kuzitawanya mlangoni, na jengo zima likijua ni nyumba gani yenye watoto wawili. Mke wa kinyozi alisema ni mambo ya mazingira, na labda ni kweli. Wengine, tuseme tu, mfukoni palikuwa pakavu. Bi Buluu aliwapokea wote, ila yeye sababu yake ilikuwa moja na aliirudia mpaka watu wakaihifadhi.

"Pampasi unaikunja, unaitupa, hujui mtoto ametoa nini," alikuwa akisema. "Nepi ya kitambaa lazima uifungue uitazame. Hapo ndipo unapomjua mtoto mzima na mgonjwa."

Hakuwa anapiga domo tu. Mara moja alimwambia mama pacha, "Pacha wako mmoja hanyonyi, tangu jana nepi zake mbili tu zimelowa," na hospitali wakasema angecheleweshwa siku moja zaidi mambo yangeharibika. Mama pacha alimletea kanga mpya, akalia mbele ya watu. Tangu siku hiyo kichwa kikamvimba. Simlaumu. Nani angekataa kusifiwa vile?

Kisha akapata mjukuu.

Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa minara ya simu. Kazi yake ni kupanda minara huko porini, na akiondoka huenda ikapita miezi miwili, hata mitatu, asionekane. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole, maneno yake ya kuhesabu. Waliishi vyumba viwili vya upande wa pili wa ua uleule. Siku mwalimu alipotoka hospitali, akitembea kwa kuinama kwa sababu ya mshono, juu ya kikapu chake kulikuwa na pakiti ya pampasi.

Bi Buluu aliishika kwa vidole viwili. "Hii ya nani?"

"Ya mtoto, mama. Wiki za mwanzo tu, mpaka nipate nafuu."

"Mjukuu wangu mimi! Avae hii! Wateja wakiingia hapa niwaambie nini?"

"Nataka nimbadilishe mwenyewe, mama. Na kwa mshono huu siwezi kufua."

"Nani amekwambia ufue? Wewe nyonyesha. Juu kwako, chini kwangu."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwachie mama," akamwambia mkewe. "Utamweza?" Mwalimu alikubali shingo upande, na pakiti ikapewa jirani kabla ya jua kuzama.

Basi ikawa hivyo, juu kwa mama, chini kwa bibi. Mtoto alikuwa wa kiume, na Bi Buluu akamwita mume wangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu. Akimaliza kunyonya tu, bibi yuko mlangoni. "Lete mume wangu, amejichafua, nasikia harufu." Alimbadilishia chumbani kwake, pazia limeshushwa. Mwalimu akijaribu kuinuka, "Mama, leo acha nimbadilishe mimi," anajibiwa, "Lala, mshono utafumuka." Mshono ulipona. Jibu halikubadilika. Wala sitaki mtu aniambie alikuwa mkwe mbaya, maana mbaya asingeamka alfajiri kumpikia mzazi uji. Alikuwa amenogewa, basi. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka ishirini na sita alikuwa anafua nepi za damu yake.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za kawaida. Choo njano kama kiini cha yai, na doa lake ni lilelile analolijua kila dobi, linalokaa mpaka uliloweke, ulisugue, ulichemshe, ulianike juani, na bado kesho linakuchungulia. Wiki ya tatu ile njano ikaanza kufifia. Ikawa kama maziwa yaliyoganda, halafu kama chokaa iliyokorogwa.

Na Bi Buluu akafurahi.

Jamani! Hapa ndipo ninapotaka kuingia kwenye ule ua nimshike mabega nimtikise. Lakini mtazame mtu na kazi yake. Maisha yake yote adui yake alikuwa lile doa la njano. Kucha zilimng'oka kwa ajili yake, mgongo ulipinda kwa ajili yake. Leo mjukuu wake mwenyewe anatoa choo kisichoacha doa! Maji ya kwanza, nepi nyeupe. Hakuna kuloweka, hakuna kuchemsha, hata buluu yenyewe haihitajiki. Yeye aliona ni heshima aliyopewa. Jumanne moja akazihamisha nepi za mjukuu kutoka kamba ya nyuma akazianika kamba ya mbele, inayotazama njiani, ili kila apitaye azione.

"Bi Buluu, hizi unazifua na nini?" wapita njia waliuliza.

"Na mkono," alijibu, akivimba.

Mkojo ndio ulikuwa mweusi mweusi, rangi ya chai iliyokolea. Huo haukumfurahisha. Alimgombeza mwalimu kwamba hanywi maji, akamjazia jagi kila asubuhi, na nepi za mkojo akazichemsha mara mbili mpaka zikatakata.

Wiki ya nne, asubuhi, mwalimu alitoka nje. Alikuwa amechungulia kwenye beseni. Mhasibu alikuwepo uani amefuata ndoo yake, na jirani mmoja amekuja kuomba kibanio.

"Mama," mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "mbona choo cha mtoto cheupe?"

Bi Buluu alikuwa anaanika, vibanio viwili mdomoni. Akavitoa ili acheke vizuri.

"Msikieni mwalimu! Cheupe kwa sababu maziwa yako mazuri, mwanangu. Ulitaka kiwe na rangi gani? Za bendera?"

Mhasibu alicheka nusura aangushe ndoo. Mwalimu naye alicheka kidogo, kwa adabu, akaambiwa uji unapoa, akarudi ndani. Hakuuliza tena. Wewe ungeuliza tena? Mtoto wako wa kwanza, umesimama mbele ya mwanamke aliyefua nepi za mtaa mzima, halafu watu wanakucheka?

Macho ya mtoto yalikuwa na manjano tangu wiki ya kwanza. Hilo halikumshtua mtu. Wachanga wengi huwa hivyo, wanapona, na Bi Buluu alikuwa amewaona kwa makumi. Akawa anamwotesha jua la asubuhi, anamwimbia. Siku ya chanjo muuguzi alikuwa na foleni iliyofika getini. Aliuliza haraka haraka, kalamu mkononi, "Ananyonya? Choo vipi?" Kabla mwalimu hajafungua mdomo, bibi alikwishajibu: "Choo safi kabisa, sista, mimi ndiye ninayefua." Muuguzi akaandika, akaita mwingine.

Mtoto alinyonya kwa pupa, lakini mwili haukuja. Tumbo lilikua, mikono haikukua. "Tumbo la maziwa hilo," bibi alisema. Mwalimu alikuwa akimgusa tumbo akimnyonyesha, analisikia gumu upande wa kulia, na ananyamaza. Kwenye simu mumewe akiuliza, alijibu, "Mama anasema hajambo."

Fundi alirudi mtoto akikaribia miezi minne. Aliweka begi chini, akampokea mwanawe, akamtoa mlangoni kwenye mwanga. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Mama, macho ya mtoto yana rangi gani?"

"Yanapungua hayo."

"Yamepungua kutoka wapi?"

"Wewe umekuja leo, hujui yalivyokuwa. Muulize mkeo."

"Kesho anakwenda hospitali."

"Kwani nimekataa? Mimi nasema tu..."

"Mama, sikuombi ushauri."

Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo. Bi Buluu alibaki amesimama na nepi iliyolowa mkononi, inamtiririkia miguuni.

Daktari wa watoto alikuwa binti ambaye Bi Buluu angeweza kumzaa wa mwisho. Alimvua mtoto, akamminya tumbo taratibu kwa vidole viwili, akamfunua macho, akamgeuza. Kisha akashika kalamu.

"Choo chake kina rangi gani?"

Fundi alimtazama mkewe. Mwalimu alimtazama mama mkwe wake. Chini kwa bibi, si ndivyo walivyogawana? Na Bi Buluu, kwa namna ile kalamu ilivyosimama ikimsubiri, alijua. Hakujua ugonjwa, hakujua jina lake, lakini alijua kwamba swali hilo ndilo lenyewe, na kwamba jibu lake limekuwa likipeperuka kwenye kamba ya mbele kwa wiki kumi na tatu.

"Cha kawaida," akasema.

"Kawaida ya rangi gani, mama?"

"Ya... njano. Kama ya watoto wote."

Alisema uongo, mchana kweupe, mbele ya mjukuu wake aliyelala uchi mezani. Wala msiniulize kwa nini. Mtu akiogopa kweli kweli mdomo hujisemea wenyewe.

Mwalimu alifungua mkoba wake, akatoa mfuko uliofungwa fundo, akalifungua, akatandaza nepi juu ya meza ya daktari. Asubuhi ile, kabla bibi hajaamka, alikuwa amembadilisha mwanawe kwa mikono yake.

"Hii ni ya leo," akasema.

Daktari aliitazama bila kukunja pua. Fundi aliitazama pia, akageukia ukuta.

"Kiko hivi tangu lini?"

"Mimi nilikiona mara moja, wiki ya nne," mwalimu akajibu. "Anayejua ni mama."

Basi wote wakamgeukia. Bi Buluu aliangalia vidole vyake vya buluu.

"Tangu wiki ya tatu," akasema. "Jumanne."

Daktari akaandika. Kisha akawaeleza polepole, kama anavyoeleza mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi na hajalizoea. Ile njano ya choo inatoka kwenye nyongo. Njia ya nyongo ya mtoto huyu inaonekana imeziba, nyongo haishuki, inabaki inaliharibu ini. Kuna upasuaji, lakini unafaa ukifanywa mapema, kabla mtoto hajatimiza miezi miwili au karibu na hapo. Sasa atalazwa, apimwe, waone ini limebaki kiasi gani.

"Sitawadanganya," akasema. "Tumechelewa. Tutajaribu, lakini matumaini ni madogo. Angeletwa wiki ile ya tatu..." Akaishia hapo, akamfunika mtoto.

Kwenye korido fundi alikwenda dirishani kuandikisha. Mwalimu alikaa kwenye benchi, mtoto begani. Bi Buluu alikaa kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nilikuuliza, mama," mwalimu akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasemaje?"

Bi Buluu alitupa jicho huku na huku. Benchi lilikuwa limejaa. "Mwanangu, hapa pana watu."

"Na siku ile palikuwa na watu. Ukasemaje?"

"Nilisema..." Akashusha sauti. "Nilisema maziwa yako mazuri."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. Machozi hayakumtoka, na Bi Buluu angetoa chochote yamtoke, apigiwe kelele, atukanwe mbele ya wote.

"Nilifurahi, mama," mwalimu akasema. "Uliponiambia vile, kila nikimnyonyesha nilikuwa nafurahi."

Hapo Bi Buluu alilia. Alilia kwa sauti, mtu wa miaka sitini na mbili, watu wakainamisha vichwa. Alinyoosha mikono. "Nipe nimshike. Nipe kidogo tu nimshike mume wangu."

Mwalimu alimhamishia mtoto bega la pili. "Hapana," akasema.

Muuguzi wa wodi alitokea na karatasi. Anayeingia ni mama na mtoto peke yao. Wengine waonane nao saa za kuwaona wagonjwa. Vinavyotakiwa: shuka mbili, kikombe, sabuni, pampasi pakiti mbili.

"Nepi ninazo, sista," Bi Buluu akadakia, akijifuta uso kwa upindo wa kanga. Ilimtoka tu kwa mazoea. "Nyumbani ninazo arobaini, safi, zimechemshwa, nakimbia sasa hivi..."

"Za kitambaa hatupokei, bibi. Hatuna pa kufulia, na pampasi tunaipima uzito tujue mtoto amekojoa kiasi gani. Sisi wenyewe ndio tutakaotazama choo chake."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua anaongea na nani.

"Nitakwenda kununua mimi," Bi Buluu akasema.

Hakuna aliyemzuia. Mwalimu aliinuka akamfuata muuguzi, mlango wa wodi ukafungwa, na fundi, aliyekuwa amerudi na karatasi zake, alimpa mama yake noti bila kumtazama usoni.

Nje ya geti la hospitali palikuwa na vibanda vya vitu vya wagonjwa. Kwenye kibanda cha kwanza mama mmoja mnene alikuwa amepanga pampasi mpaka darini, pakiti juu ya pakiti, zenye picha za watoto wanaocheka. Bi Buluu hakuwahi kununua kitu hicho maishani mwake. Alisimama hajui aanzie wapi.

"Karibu, bibi. Mtoto wa miezi mingapi?"

"Minne inakaribia."

"Basi namba tatu. Hizi nzuri, hazivuji."

"Nipe za wachanga. Zile ndogo kuliko zote."

Muuzaji alicheka kwa upole, kama anavyochekewa mtu asiyejua. "Wa miezi minne, bibi? Za wachanga zitambana mapaja zimkate. Nakushauri tu, usije ukanilaumu."

"Hazitambana," Bi Buluu akasema.

"Bibi, mimi nauza hizi kila siku."

Bi Buluu aliinua mkono, akaunganisha kidole gumba na cha kati vikagusana ncha, akamwonyesha lile duara. "Paja lake ndilo hili," akasema.

Muuzaji alilitazama lile duara. Akazirudisha namba tatu mahali pake, akapanda kwenye kigoda kuzishusha za wachanga.